Lipeni Ndagala Safi Bei Yake: Barua ya Wazi kwa Wenye Depo za Samaki wa Kalemie

Kwa wenye depo, wanunuzi wa jumla na kamati za wauza samaki wa mji wa Kalemie.

Nakala kwa: Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Tanganyika; wahusika wa uvuvi na mifugo wa jimbo; OCC (Ofisi ya Udhibiti ya Kongo) Kalemie; wavuvi na akina mama waanikaji wa Mtoa, Kabimba, Mpala na Moba.

Waheshimiwa, baba zangu, mama zangu na ndugu zangu wa kazi,

Nawaandikia mbele ya watu wote kwa sababu maneno haya nimekwisha kuyasema ndani ya depo, nimeyasema kwenye vikao, nimeyasema bandarini mizigo ikipakiwa, na kila mara nimeambiwa nisubiri msimu upite. Misimu imepita. Mimi ni mnunuzi wa kati: nanunua hapa samaki wa Ziwa Tanganyika, ndagala na mikebuka, nawapakia kwenye gari la moshi, wanauzwa Lubumbashi. Watoto wangu wanasoma kwa samaki huyu. Siandiki kama mtu wa nje anayetucheka, naandika kama mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa na wenye nyumba wenyewe.

1. Mfuko wa ndagala unaotoka Kalemie umekuwa kitu cha kubahatisha. Juu mnaweka ndagala weupe, wakavu, wanaong'aa. Mkono ukifika katikati unakutana na waliovunjika, na chini kabisa kuna mchanga, vumbi na wale wabichi walioshikana. Mifuko mingine ilibeba mbolea au saruji kabla ya kubeba chakula. Mingine imesafiri kwenye boti pamoja na mapipa ya mazutu, na harufu hiyo haitoki hata mpishi aoshe kwa maji ya moto. Wapo pia wanaopuliza dawa ya wadudu juu ya samaki mkavu ili asishikwe na funza akiwa deponi. Hilo peke yake lingenitosha kuandika barua hii, kwa maana anayekula dawa hiyo ni mtoto wa mtu. Mchanga unaongeza uzito, nakubali. Lakini muuzaji wa rejareja wa Lubumbashi anapepeta, anapima upya, na kilichopungua anakikata kwenye bei ya mzigo unaofuata. Yeye hapotezi kitu. Tunapoteza sisi, na siku moja anahamia kwa muuzaji wa samaki wa mahali pengine bila hata kutuaga.

Unyevu ni mbaya kuliko mchanga, kwa sababu ya njia yetu. Reli ilifika hapa mwaka 1915. Kutoka Kalemie hadi Kabalo ni kilomita 273, kupitia Niemba na Nyunzu, kisha mzigo unashuka Kabongo na Kamina mpaka Lubumbashi. Kila mmoja wenu anajua jinsi mabehewa yanavyokwama: mara injini, mara njia imeharibika, mara usalama. Hatuna uwezo wa kuharakisha treni. Uwezo tulio nao ni wa kukausha samaki. Ndagala aliyekauka sawasawa anavumilia behewa lililokwama. Aliyefungwa na maji ndani anaota ukungu akiwa bado hajafika Kabalo, na ukungu wake unahamia mifuko ya jirani. Kwa hiyo siikubali ile hoja ninayopewa kila nikirudisha habari ya mzigo ulioharibika, kwamba kosa ni la treni. Treni inachelewa, kweli. Lakini kuchelewa kwake tunakujua tangu zamani, na mzigo ulipaswa kukaushwa kwa kupimia njia tuliyo nayo.

2. Jibu lingine ninalopewa ni kwamba akina mama wa ufukweni ndio wachafu, wanaanika ovyo. Samahani, wazee wangu, jibu hilo si la haki. Mama mwanikaji anaamka kabla ya alfajiri kungoja mitumbwi inayorudi na taa zake. Ananunua kwa mkopo, anabeba kichwani, anaanika, anageuza, anakimbilia kukusanya mawingu yakifunga. Anahitaji kilo tatu hadi nne za ndagala wabichi ili apate kilo moja ya wakavu. Sasa akiwaosha, akawatoa takataka, akawaanika mahali safi na kungoja mpaka wakauke kweli, mnampa bei gani? Bei ile ile anayopata jirani yake aliyemwaga samaki mchangani na kuwazoa kwa ufagio jioni. Pengine huyo jirani anapata zaidi, kwa kuwa mchanga una uzito na ndagala wenye maji wana uzito. Mama aliyejitahidi anarudi nyumbani na hasara ya usafi wake. Mara inayofuata ataanika mchangani kama wenzake, nami sitamlaumu.

Kwamba kosa ni la utaratibu si wazo langu peke yangu. Mwaka 1950 Wajapani walimwalika Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, azungumze na wakuu wa viwanda vyao juu ya ubora. Siku hizo bidhaa za Japani zilidharauliwa duniani kama vitu dhaifu. Katika aliyowafundisha, mawili yanatuhusu hata sisi wa kando ya ziwa. La kwanza, ubora hauletwi na ukaguzi wa mwishoni, unajengwa tangu hatua ya kwanza ya kazi. La pili, makosa mengi hayatoki kwa mfanyakazi bali kwenye utaratibu ambao wakubwa wamempangia. Na wakubwa wa biashara ya samaki Kalemie ni ninyi. Bei mnapanga ninyi. Mifuko mnagawa ninyi. Mkopo wa kununulia samaki wabichi mnatoa ninyi. Kama utaratibu unamlipa mchafu sawa na msafi, utaratibu huo haukutoka ufukweni.

3. Zamani ubaya wa mzigo ulifunikwa na wingi wake. Ndagala walikuwa wengi hivi kwamba hata sehemu ikioza, iliyobaki ilitosha kulipa madeni. Wakati huo umekwisha, na nataka tuzungumze ukweli kuhusu ziwa letu. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Catherine O'Reilly waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yanazidi kupata joto. Maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yaliyobeba rutuba, na bila rutuba ile mimea midogo sana ya majini, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki, inapungua. Walikadiria kwamba uzalishaji huo umeshuka kwa karibu asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kuwa na maana ya samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Ongezeni hapo idadi ya wavuvi wanaoingia majini na nyavu za matundu madogo. Nchi nne za ziwa hili, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti.

Fikirini maana ya mapumziko hayo kwa mvuvi wa Mtoa au wa Mpala. Anafunga nyavu, anakaa na njaa nyumbani, watoto wanakosa ada, ili ndagala wapate kuzaa na kukua. Ziwa linafunguliwa, anavua, anatuletea. Halafu sisi tunamwachia samaki huyo aoze kwenye mfuko wa mbolea. Naona hapo kuna dhuluma, na siwezi kuipa jina jingine. Ziwa halitatuongezea samaki kwa kuwa tunawataka. Faida yoyote mpya tutakayopata tutaipata kwa samaki hawa hawa, kwa kutompoteza hata mmoja na kwa kumuuza kila mmoja kwa bei anayostahili.

4. Msiniambie kwamba haiwezekani, maana imewezekana kwenye ziwa hili hili. Upande wa Burundi, kule Mvugo, kituo kilichosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilianza mwaka 2004 kuwafundisha waanikaji kutumia vichanja: miti iliyosimamishwa kiasi cha mita moja kutoka chini, na juu yake wavu wa waya. Hakuna mtambo wala umeme. Upepo unapita juu na chini ya samaki, maji yanadondoka badala ya kurudi mwilini mwake kutoka mchangani, kuku na mbuzi hawafiki, na mvua ikitisha mnatandika turubai badala ya kuzoa kila kitu kwa haraka. Kabla ya hapo karibu asilimia 15 ya samaki waliovuliwa walipotea au kuharibika wakati wa kuanikwa. Kwenye kichanja kazi iliyokuwa inachukua siku tatu ilimalizika kwa saa 8 za jua. Bei nayo ilibadilika: kilo ya ndagala iliyouzwa franka za Burundi 4,000 mwaka 2004 ilifika 9,000 mwaka 2013. Bei za vitu vyote zilipanda pia katika miaka hiyo, kwa hiyo sisemi kwamba kupanda kote kuliletwa na vichanja. Naomba mwangalie vizuri kilichotokea pale. Samaki hawakuongezeka ziwani. Wanunuzi waliona samaki asiye na mchanga, wakamlipia.

Kalemie tuna sababu moja zaidi ya kuharakisha. Kipindupindu hurudi kwetu mara kwa mara, na maji ya ziwa yaliyopanda miaka hii yameingia kwenye nyumba na vyoo vya watu wa kando ya maji. Ufukwe umepungua, na ule uliobaki si mchanga wa kuanikia chakula. Chakula kilichoanikwa mahali watu wanapokwenda haja kinaweza kuwa njia ya ugonjwa, na siku mtu wa afya atakaposema hivyo hadharani katika soko la Lubumbashi au la Mbuji-Mayi, hakuna mfuko wetu utakaonunuliwa.

5. Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Mama wa soko kule Lubumbashi hajui jina lako wala langu. Anasema "ndagala wa Kalemie" basi. Jina hilo ni mali yetu sote, na mfuko mmoja mbaya unalichafua kwa niaba ya mji mzima. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanalijua somo hili. Mwaka 1999 baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga sumu majini kupata sangara kwa urahisi. Uganda ikasimamisha kuuza samaki nje, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango. Waliofanya kosa hilo walikuwa wachache, lakini viwanda vilifungwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na mvuvi ambaye hakuwahi kugusa sumu hakupata wa kumnunulia. Soko lilipofunguliwa tena, lilifunguliwa kwa walioweza kuonyesha maabara, wakaguzi, sehemu za kupokelea samaki zenye sakafu ya kuoshwa, na karatasi zinazosema samaki alitoka wapi. Walilazimika kujenga kwa gharama kubwa kile ambacho wangeweza kukijenga taratibu kabla ya adhabu.

Washindani wetu hawalali. Lubumbashi kuna Thomson wa baridi anayetoka baharini, amefungwa kwenye katoni yenye uzito ulioandikwa. Kuna kapenta kutoka Zambia. Wengi wenu hamjui kwamba yule kapenta wa Kariba ni mtoto wa ziwa letu: ni lumbu, ndugu wa ndagala, waliochukuliwa upande wa Zambia wa Tanganyika mwaka 1967 na 1968 wakapandwa kwenye bwawa la Kariba. Kabla yao wengine walikuwa wamepelekwa Ziwa Kivu, na watu wa Goma na Bukavu wanawaita sambaza. Samaki aliyetoka kwetu leo anafungwa Kusini katika vifuko safi, mnunuzi anaona kilichomo, anajua uzito wake. Na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tutegemee dagaa wa Kigoma kuvuka kwa wingi zaidi kila mwaka. Inaniuma kuona samaki wa ziwa moja akithaminiwa kila mahali ila pale anapopitia mikononi mwetu.

6. Kuhusu huduma nitasema machache, kwa kuwa hakuna fundi anayehitajika kuirekebisha. Mnunuzi akilipa, simu inapokelewa. Akipiga kusema mzigo umefika na mchanga, simu haipokelewi. Mifuko inapakiwa bila mwenyewe kuarifiwa siku wala behewa. Kopo la kupimia la depo moja si kopo la depo nyingine, na mengine yamegongwa kitako ili yapungue. Mnunuzi mgeni anadanganywa bei na mwenyeji anacheka. Mtu aliyetendewa hivyo harudi, na wala hawaambii kwa nini harudi.

7. Sasa maombi yangu. Sitaki kuomba yasiyowezekana.

Naomba kwanza bei mbili. Ndagala wa kichanja, mkavu, asiye na mchanga, alipwe zaidi ya ndagala wa mchangani, na tofauti hiyo itangazwe wazi ufukweni, iandikwe kwenye ubao, ijulikane na kila mama kabla hajamwaga samaki wake chini. Hili ndilo ombi kubwa. Mengine yote yanaliegemea. Mkilikataa hili na kukubali mengine, hamjafanya kitu.

Naomba mkopo mnaotoa kwa samaki wabichi utolewe pia kwa waya, miti na turubai, urudishwe kidogo kidogo kwa samaki wakavu. Mwanikaji hawezi kununua waya kwa siku moja, lakini mwenye depo anaweza, na faida yake ataiona ndani ya msimu huo huo.

Naomba kila mfuko uwe na kibandiko au alama ya wino: jina la depo, ufukwe alikotoka samaki, tarehe ya kufungwa. Mfuko ukifunguliwa Kamina au Lubumbashi ukakutwa na mchanga, tujue tumwulize nani, na aliyeufunga arudishe pesa. Mfuko uliobeba mbolea, saruji au dawa usibebe chakula kamwe. Na anayepuliza dawa ya wadudu juu ya samaki aondolewe kwenye biashara hii na kamati yenyewe, bila kungoja askari.

Naomba kamati inunue mizani moja ya watu wote, ikae mahali pa wazi, na kila mwenye shaka apime hapo bila kulipa. Makopo yaliyogongwa yatupwe.

Kwa watu wa Leta, ambao nimewapa nakala: OCC iliundwa mwaka 1974 kwa kazi ya kuchunguza ubora na wingi wa bidhaa, na hapa kuna bidhaa ya chakula inayolisha miji ya kusini. Tunaomba wataalamu wenu waje ufukweni kufundisha na kuthibitisha mizani hiyo. Tunaomba pia, kwa heshima, kwamba usafi wa ndagala usigeuzwe kuwa malipo mapya juu ya malipo tunayoyajua. Mama akitozwa kwa sababu amejenga kichanja, kesho atakibomoa.

Najua mtasema mitaji ni midogo, franka inashuka, njia ni mbaya, na miaka ya vita na ya mafuriko imetuchosha. Yote ni kweli. Lakini katika haya niliyoomba, lenye gharama kubwa ni waya na miti. Kuandika jina lako kwenye mfuko wako hakuhitaji mtaji, kunahitaji uwe tayari kuulizwa.

Naomba kamati ziitishe kikao kabla ziwa halijafunguliwa tena baada ya mapumziko yajayo, na akina mama waanikaji waitwe, wakae mbele, waseme wenyewe bei inayowawezesha kufanya kazi safi. Nitahudhuria. Depo itakayolipa bei mbili nitanunua kwake kwanza, na tofauti ya bei hiyo nitaibeba mimi pamoja na wanunuzi wangu wa Lubumbashi, ambao wamekwisha kuniambia kwamba watalipa. Depo itakayoendelea kulipa samaki safi na mchafu bei moja, sitanunua kwake tena.

Wenu katika kazi, kwa heshima zote,

Mnunuzi na msafirishaji wa ndagala, Kalemie